Anna Swan: Mwanamke Mrefu wa Sarakasi na Macho ya Watu

Kila sifa njema ni ya Allah (SW), aliyeumba viumbe vyake kwa namna alivyotaka, akamfanya huyu mrefu na yule mfupi, huyu mweupe na yule mweusi, na yote hayo kwa hekima anayoijua Yeye. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ndugu wazazi na wanafunzi wapenzi, katika darasa la historia watoto hupenda sana habari za watu wa ajabu. Wakiona picha ya mtu mrefu kupita kiasi, swali la kwanza huwa ni hili: "Ustadh, huyu alikuwa na urefu gani?" Swali hilo si baya, na leo tutalijibu. Lakini liko swali la pili ambalo watoto wachache huliuliza, nalo ndilo lenye faida kubwa zaidi: "Huyu mtu aliishi vipi na macho ya watu?" Kwa ajili hiyo nimechagua kukusimulieni maisha ya Bibi Anna Swan, mwanamke wa karne ya 19 aliyejulikana duniani kwa sababu ya kimo chake.

Bibi huyu alikuwa Mkristo, na maisha yake yote yalikuwa mbali na miji yetu. Hilo halituzuii kumtaja kwa uadilifu. Mola wetu ametuamrisha katika Suratul Maida, aya ya 8, tusimame na uadilifu hata kwa watu ambao nyoyo zetu zimewachukia, sembuse mtu ambaye hakutukosea lolote.

KUZALIWA NA UTOTO WAKE

Anna Haining Swan alizaliwa mwezi wa Agosti mwaka 1846 katika kijiji cha Mill Brook, karibu na Tatamagouche, huko Nova Scotia. Siku hizo Nova Scotia ilikuwa koloni la Waingereza. Ilikuja kuwa sehemu ya Kanada mwaka 1867. Baba yake, Alexander Swan, alikuwa mhamiaji kutoka Scotland, na wazazi wote wawili walikuwa watu wa kimo cha kawaida. Katika watoto 13 wa nyumba hiyo, Anna alikuwa wa tatu. Ndugu zake walikuwa watoto kama watoto wengine.

Alipozaliwa alikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 7, yaani zaidi ya mara mbili ya mtoto wa kawaida, kisha akaendelea kukua bila kusimama. Alipokuwa na umri wa miaka 4 tu alipelekwa mji wa Halifax kuonyeshwa kwa watu kama "mtoto jitu". Alipofika miaka 15 kimo chake kilikuwa kama futi 7. Nyumbani, wakati wa kula, alikuwa akikaa sakafuni na kuegemea ukuta ili awe sawa na ndugu zake waliokaa vitini. Shuleni meza yake iliinuliwa kwa mbao ili magoti yapate nafasi.

Tuizingatie picha hiyo. Huyu ni binti aliyekuwa na akili, aliyependa kusoma, na ambaye kila kitu kilichomzunguka, kiti, kitanda, mlango na meza, kilimwambia kwamba dunia haikutengenezwa kwa ajili yake.

ALITAKA KUWA MWALIMU

Wengi wanaoandika habari za Anna hukimbilia kwenye sarakasi. Mimi nataka tusimame kidogo hapa, kwa sababu yeye mwenyewe hakuanza na nia ya kwenda kwenye sarakasi. Alitaka kuwa mwalimu. Akiwa kijana alikwenda mji wa Truro kusoma katika chuo cha ualimu, akakaa kwa shangazi yake.

Hakumaliza. Masomo hayakumshinda, kilichomshinda ni macho. Kila alipotoka njiani watu walimkodolea, walimfuata, walinong'ona. Mwishowe akarudi kwa wazazi wake. Hakuna sheria iliyomkataza kusoma, wala hakuna mkuu wa chuo aliyemfukuza. Watu wa kawaida tu, ambao pengine kila mmoja wao alijiona hana kosa, walimtazama na kumcheka mpaka akaondoka.

Ndugu zangu, tukijiuliza ni watoto wangapi walioacha madrasa au shule kwa namna hii hii, si kwa kukosa karo wala kwa uvivu, bali kwa kuchoka kuitwa "mlingoti", "twiga", "kibeti" au "chongo", tutaona kwamba habari hii haiko mbali na sisi.

BARNUM NA JUMBA LAKE

Wakati huo mjini New York kulikuwa na mtu aitwaye Phineas Taylor Barnum, aliyezaliwa mwaka 1810 na kufariki mwaka 1891. Tangu mwaka 1841 alikuwa na jumba kubwa la maonyesho lililoitwa American Museum. Ndani yake mlikuwa na wanyama, vitu vya kale, michezo ya kuigiza, na watu wenye maumbile yasiyo ya kawaida. Kiingilio kilikuwa senti 25, na watu walimiminika.

Barnum alikuwa hodari wa biashara na hodari wa uongo pia. Mwaka 1835 alianza kazi hiyo kwa kumwonyesha bibi kizee mtumwa, mwanamke mweusi kipofu aitwaye Joice Heth, akidai kuwa ana umri wa miaka 161 na kwamba alimlea George Washington. Bibi huyo alipofariki mwaka 1836, Barnum aliruhusu mwili wake upasuliwe mbele ya watu walionunua tiketi, na daktari akasema hakuzidi kama miaka 80. Hata maiti yake haikuachiwa heshima.

Mtu huyu ndiye aliyesikia habari za Anna na kutuma wajumbe. Mwaka 1862 Anna alikubali kwenda New York. Lakini tazameni sharti lililowekwa: mbali na mshahara, apewe mwalimu wa kumfundisha saa tatu kila siku kwa muda wa miaka mitatu. Binti aliyenyimwa elimu na macho ya watu wa Truro aliyauza macho ya watu wa New York ili aipate elimu ile ile.

Barnum alitangaza kwamba Anna ana futi 8 na inchi 1. Kipimo chake cha kweli kilikuwa futi 7 na inchi 5½, sawa na sentimita 227. Alisimamishwa kando ya watu wafupi sana ili tofauti ionekane zaidi. Alizungumza na wageni, akajibu maswali yao, na wageni wengi waliondoka wakistaajabia upole wake na maarifa yake kuliko kimo chake.

Tarehe 13 Julai 1865 jumba hilo liliungua moto. Anna aliokoka. Gazeti moja la mjini liliandika kisa kirefu kwamba ngazi zilihofiwa kuvunjika, ukuta ukabomolewa, na Anna akashushwa kwa winchi huku watu 18 wameshika kamba. Kisa hicho kimenakiliwa katika vitabu hadi leo, lakini watafiti wengi wanakiona kuwa kimetiwa chumvi. Hapa wanafunzi wapate faida ya Suratul Hujurat, aya ya 6, tunapoamrishwa kuihakiki habari kabla ya kuibeba. Mtu akiwa wa ajabu machoni pa watu, uongo juu yake hupata wanunuzi haraka.

NDOA NA MISIBA

Mwaka 1871 Anna alisafiri kwenda Ulaya pamoja na kundi la maonyesho. Katika kundi hilo alikuwamo Martin Van Buren Bates, aliyezaliwa mwaka 1837 huko Kentucky, Marekani. Martin naye alikuwa mrefu mno, sentimita 220. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani alikuwa mwalimu wa shule, kisha akapigana upande wa majimbo ya Kusini, upande uliotaka utumwa uendelee, akafikia cheo cha kapteni. Hatumsafishi kwa hilo; historia husimuliwa kama ilivyo.

Tarehe 17 Juni 1871 walifunga ndoa katika kanisa la St Martin-in-the-Fields, London. Malkia Victoria wa Uingereza aliwapa zawadi. Hadi leo rekodi za dunia zinawataja kuwa mume na mke warefu kuliko wote waliowahi kupimwa kwa uhakika.

Watu waliiona harusi ile kuwa tamasha. Kwa maharusi wenyewe, hasa Anna, ilikuwa ni kupata mtu ambaye hakulazimika kuinama ili kuzungumza naye. Mwenye kuijua maana ya maskani na utulivu katika ndoa ataelewa ninachosema.

Mwaka uliofuata, Mei 1872, Anna alijifungua mtoto wa kike mwenye uzito wa kilo 8 hivi. Mtoto hakuishi. Wakarudi Marekani, wakanunua shamba katika kijiji cha Seville, jimbo la Ohio, wakajenga nyumba ya kimo chao. Dari ilikuwa futi 14 kwenda juu na milango futi 8 na nusu. Vitanda na viti vilitengenezwa kwa vipimo vyao. Kwa mara ya kwanza Anna alikaa katika nyumba ambayo mgeni ndiye aliyejiona mdogo, wala si yeye aliyejiona mkubwa.

Gharama ziliwarudisha njiani, wakasafiri na sarakasi ya W. W. Cole kwa misimu kadhaa tangu mwaka 1878. Mwezi wa Januari 1879 Anna alijifungua tena, mara hii mtoto wa kiume. Alikuwa na uzito wa karibu kilo 10 na urefu wa sentimita 71, na anahesabika kuwa mtoto mzito kuliko wote waliowahi kurekodiwa. Aliishi saa 11 tu.

Katika vitabu vya rekodi mtoto huyu ni namba. Kwa mama yake alikuwa mtoto wa pili kuzikwa bila kumsikia akimwita mama. Mzazi yeyote miongoni mwetu aliyewahi kubeba jeneza dogo anajua kwamba uchungu ule haupimwi kwa kilo.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Baada ya hapo waliacha sarakasi, wakabaki shambani Seville. Hapo, ndugu zangu, Anna alipata kile alichokitaka tangu utotoni. Katika kanisa la kijiji hicho alifundisha watoto masomo ya dini siku za Jumapili. Watoto walizoea kumwona, na kwa kuwa walizoea, hawakumkodolea tena. Akawa mwalimu wao.

Alifariki tarehe 5 Agosti 1888, akiwa anakaribia kutimiza miaka 42. Mumewe alituma vipimo vya jeneza mjini Cleveland. Watengenezaji walidhani vipimo vile vimekosewa, wakaleta jeneza la kawaida, na mazishi yakachelewa mpaka lingine lilipotengenezwa. Yaani hata siku ya mwisho dunia ilimwambia kwamba hawezi kuwa wa kweli. Martin, kwa kuogopa yasimpate hayo hayo, aliagiza jeneza lake mapema akaliweka akiba. Baadaye alioa mke wa kimo cha kawaida, akafariki mwaka 1919.

KWA NINI MTU HUWA MREFU HIVYO?

Wanafunzi watauliza, na ni haki yao. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere, iitwayo pituitari. Tezi hii hutoa homoni ya ukuaji. Mara nyingi mtu anayekua kupita kiasi huwa ana uvimbe katika tezi hiyo, na homoni ikizidi kabla mifupa haijafunga, mwili huendelea kurefuka. Mwaka 1886, miaka miwili kabla ya Anna kufariki, daktari Mfaransa Pierre Marie alieleza na kuyapa jina maradhi yanayotokana na homoni hiyo kwa watu wazima. Zama za Anna hapakuwa na tiba. Leo ipo, kwa upasuaji, kwa dawa au kwa mionzi. Kwa hiyo mzazi akiona mtoto anawapita sana wenzake kwa kimo, huku analalamika kichwa au macho, ampeleke hospitali mapema, wala asimpeleke kwa watu wa kusema amerogwa.

NENO "JITU" KATIKA LUGHA YETU

Lugha yetu ya Kiswahili ina jambo la kutisha kidogo. Tunasema "mtu huyu amekuja". Lakini tukimwita "jitu" tunasema "jitu hili limekuja". Kwa herufi chache tumemtoa katika ngeli ya watu tukamweka pamoja na jiwe, jani na jembe. Hatukumpiga wala hatukumtukana, lakini ulimi wetu umeshamtoa katika hesabu ya wanadamu. Nimejitahidi katika makala haya kumwita Anna kwa jina lake, nanyi nyumbani jaribuni hivyo kwa kila mwenye umbile tofauti.

Kumtoa mtu katika hesabu hiyo kulifika mbali kuliko maneno. Kutoka huku kwetu, katika misitu ya Kongo, kijana wa Kimbuti aitwaye Ota Benga alipelekwa Marekani kuonyeshwa katika maonyesho ya mji wa St. Louis mwaka 1904. Mwezi wa Septemba 1906 aliwekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ndani ya nyumba ya nyani, na maelfu ya watu wakaenda kumtazama. Wachungaji weusi wa mji huo walipinga mpaka akatolewa. Mwezi wa Machi 1916, akiwa Virginia na bila njia ya kurudi kwao, alijiua. Wenye bustani hiyo waliomba radhi rasmi mwaka 2020, miaka 114 baadaye.

Anna alikwenda kwa mkataba na mshahara. Joice Heth na Ota Benga hawakuwa na hiari. Tofauti hiyo ni kubwa na tusiifiche. Lakini wanunuzi wa tiketi walikuwa wale wale, na Barnum asingepata senti moja kama watu wangebaki nyumbani kwao.

MAFUNDISHO YA DINI YETU

Dini yetu imelizungumza jambo hili waziwazi. Katika Suratul Hujurat, aya ya 11, Allah (SW) amewakataza wanaume kuwacheka wanaume wenzao na wanawake kuwacheka wanawake wenzao, kwani huenda anayechekwa ni bora kuliko anayecheka, na amekataza kuitana kwa majina ya kejeli.

Katika Suratul Baqara, aya ya 247, tunasoma habari za Talut. Watu wake walimkataa ufalme kwa kuwa hakuwa na mali, wakaambiwa kwamba Allah amemchagua na kumzidishia elimu na mwili. Hapa mwili mkubwa umetajwa kuwa ni neema, tena elimu imetangulizwa kabla yake. Wamarekani walimtazama Anna wakauona mwili. Yeye aliweka sharti la elimu.

Na katika Hadithi, Abdullah bin Masud (RA) alipanda mti kukata mswaki, upepo ukafunua miguu yake iliyokuwa myembamba sana, watu wakacheka. Mtume (SAW) akawafahamisha kwamba miguu ile katika mizani ya Allah ni mizito kuliko mlima Uhud. Tazameni: waliocheka walikuwa watu wema, na hata hivyo Mtume (SAW) hakuliacha jambo lile lipite. Nasi tusiliache lipite mezani petu na darasani petu.

TUFANYE NINI?

1. Mtoto akimwona mtu wa umbile tofauti, asizabwe kofi kwa kuuliza. Aelezwe kwa sauti ya chini kwamba huyo ni kiumbe wa Allah kama yeye, kisha afundishwe kutoa salamu. Anayepewa salamu huwa ameshatambuliwa kuwa mtu.

2. Tusiwapige picha watu hawa kwa siri na kuzituma kwa simu ili wengine wacheke. Zamani Barnum alihitaji jumba la ghorofa tano. Leo kila mmoja wetu anaweza kubeba jumba hilo mfukoni, tena bila kumlipa chochote anayeonyeshwa.

3. Walimu wenzangu, mtoto asiyetoshea katika dawati, asiyeona ubao au asiyeweza kupanda ngazi ana haki ya elimu juu yetu. Kuinua meza kwa mbao mbili si kazi kubwa. Na anayemkejeli mwenzake darasani arekebishwe siku ile ile, kabla mwenzake hajaamua kutorudi.

4. Tukumbuke msemo wa wazee wetu: kabla hujafa hujaumbika. Maradhi, ajali na uzee vinaweza kumbadilisha yeyote kati yetu. Heshima unayompa mwenye umbile tofauti leo, kesho huenda ukaihitaji wewe au mtoto wako.

Nyumba ya Anna huko Ohio ilibomolewa zamani. Kaburi lake bado lipo Seville, pamoja na la mumewe na la mtoto wao. Kule Tatamagouche, alikozaliwa, watu wameweka makumbusho yenye habari zake, na watoto wa shule hupelekwa kusoma maisha ya mwanamke ambaye karne moja na nusu iliyopita alishindwa kusoma kwa sababu ya kutazamwa.

Tunamwomba Allah (SW) atujaalie macho yenye haya, ndimi zenye adabu na nyoyo zinazomwona mtu kabla ya kuona kimo chake. Atulindie watoto wetu, wazima na wagonjwa, warefu na wafupi. Amiin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam Alaykum Warahmatullahi Wabarakaatuh.